Maumivu baada ya kubadilishwa goti si ya kuvumiliwa kimya

WAZEE wengi walilelewa wakiamini kwamba kulalamika ni dalili ya unyonge. Ndiyo maana muuguzi anapopita kitandani asubuhi na kumuuliza mgonjwa aliyebadilishwa goti anaendeleaje, jibu huwa ni “sijambo, mwanangu”, ilhali usiku kucha hakupata lepe la usingizi. Ujasiri wa aina hii husifiwa kwingineko, lakini baada ya upasuaji wa goti unaweza kumnyima mgonjwa faida ya matibabu aliyoyagharimia pakubwa.

Upasuaji huu hufanywa wakati gegedu, yaani tishu laini inayozuia mifupa kusuguana, imelika kabisa, aghalabu kutokana na ugonjwa wa yabisi wa uzeeni. Daktari hukata na kuondoa sehemu zilizoharibika kwenye ncha za mfupa wa paja na wa muundi. Mahali pake huwekwa vipande vya chuma, na katikati yake plastiki ngumu inayoliwezesha goti kuteleza na kukunjika.

Kwa kuwa mifupa yenyewe hukatwa, maumivu yake huwa makali, hasa katika siku 2 au 3 za kwanza. Baadaye hupungua hatua kwa hatua, ingawa uvimbe na joto gotini huweza kuendelea kwa miezi kadhaa. Wagonjwa wengine huhitaji takriban mwaka mmoja kabla ya kulizoea goti jipya.

Uchungu na kukakamaa kwa goti

Mgonjwa hutakiwa kusimama na kuanza kukunja goti siku ya upasuaji au siku inayofuata. Haraka hiyo ina sababu. Kidonda kinapopona, mwili hujenga kovu ndani ya goti, na goti lisipokunjwa mapema, kovu hilo hulifunga. Mtu huhitaji kukunja goti kwa takriban nyuzi 90 ili aketi kitini na kuinuka bila taabu.

Mzee anayeumwa mno huogopa mazoezi. Asipofanya mazoezi, goti hukakamaa, na huenda akalazimika kurudi hospitalini ili apewe dawa ya usingizi na goti likunjwe kwa nguvu. Isitoshe, kulala kitandani muda mrefu huongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Kwa hivyo, dawa ya maumivu ni sehemu ya matibabu ya goti lenyewe.

Dawa zaidi ya moja

Siku hizi madaktari huchanganya njia kadhaa ili kila dawa itumiwe kwa kiasi kidogo. Wengi wa wagonjwa hudungwa ganzi ya uti wa mgongo wakati wa upasuaji, na wengine huongezewa ganzi karibu na neva za mguu au ndani ya goti. Ganzi hii hupoteza nguvu baada ya saa kadhaa, mara nyingi katika siku ya kwanza. Mgonjwa aliyekuwa ametulia jioni huenda akazidiwa usiku. Hivyo basi, ni muhimu vidonge vianze kumezwa kabla ganzi haijaisha.

Msingi wa vidonge hivyo ni parasetamoli. Kipimo cha kawaida kwa mtu mzima ni vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, na visizidi 8 kwa siku. Mzee mwenye mwili mdogo au ugonjwa wa ini hupunguziwa. Tahadhari ni kwamba dawa nyingi za mafua pia zina parasetamoli, na mtu anaweza kupitisha kipimo bila kujua.

Katika siku za kwanza, dawa humezwa kwa kufuata saa badala ya kungoja maumivu yapande. Aidha, inafaa kumeza kipimo kimoja takriban nusu saa au saa moja kabla ya mazoezi.

Hatari kwa wazee

Dawa za kupunguza uvimbe, kama vile ibuprofeni na diklofenaki, husaidia, lakini zinaweza kusababisha vidonda vya tumbo na kudhuru figo, hasa kwa mzee anayetumia dawa za shinikizo la damu au za kuzuia damu kuganda. Hazifai kununuliwa dukani bila idhini ya daktari.

Dawa kali za jamii ya mofini, ikiwemo tramadoli, hutolewa kwa siku chache. Huleta kizunguzungu kinachoweza kumwangusha mgonjwa, hufunga choo, na baadhi ya wazee huchanganyikiwa akili. Maji ya kutosha, mboga na matunda husaidia tumbo, na mara nyingi daktari huongeza dawa ya kulainisha choo. Mgonjwa akisinzia kupita kiasi au akipumua polepole mno, apelekwe hospitalini mara moja.

Nyumbani

Barafu iliyofungwa kwa taulo na kuwekwa gotini kwa dakika 20, mara kadhaa kwa siku, hupunguza uvimbe na maumivu. Isigusane na ngozi moja kwa moja. Mguu uinuliwe kwa kuweka mto chini ya kisigino. Mto ukiwekwa chini ya goti huleta nafuu ya muda, lakini goti huzoea kujikunja na hushindwa kunyooka.

Katika nyumba zenye choo cha kuchutama, kiti chenye tundu kiandaliwe kabla ya mgonjwa kurudi. Vivyo hivyo, anayeswali anaweza kutumia kiti hadi daktari amshauri vinginevyo.

Dalili za kutopuuza

Maumivu ya kawaida hupungua kadiri siku zinavyosonga. Yakianza kupanda tena, kidonda kikitoa usaha au mgonjwa akipata homa, huenda kuna maambukizi. Shavu la mguu likivimba na kuuma, huenda damu imeganda. Akishikwa ghafla na maumivu ya kifua au akikosa pumzi, hiyo ni dharura.

Hata upasuaji ukienda vyema, takriban mgonjwa 1 kati ya 5 hubakia na maumivu ya muda mrefu. Yanayozidi miezi 3 yanastahili uchunguzi mpya.

Jamaa wanaomuuguza mzee wasitosheke na jibu la “sijambo”. Wamwombe ayakadirie maumivu kutoka 0 hadi 10, na ikiwa hawezi kueleza, watazame uso wake anapogeuka, chakula anachosaza na mguu anaokataa kuukunja.