Panya wa Maabara na Homa ya Kidingapopo

Homa ya kidingapopo ilipoenea Unguja mwaka 1870, ikiwalaza watu wa kila tabaka kwa maumivu ya viungo, tabibu James Christie, aliyekuwa akihudumu mjini humo, aliziandika dalili zake kwa uangalifu ambao hata leo unastahili heshima. Walakini hakuwa na njia ya kukishika kile kilichosababisha maradhi, kukitenga na kukilinganisha na vyanzo vya homa nyingine. Kwa hiyo, wataalamu waliokuja kuyasoma maelezo yake wameshuku kwamba ile ilikuwa homa nyingine, iitwayo chikungunya, wala hakuna awezaye kuwakatia shauri kwa yakini.

Aliyeufungua mlango wa njia hiyo ni Max Theiler, mzaliwa wa Pretoria, ambaye mwaka 1930, akiwa Marekani, alithibitisha kwamba virusi vya homa ya manjano, vilivyokuwa vikichunguzwa kwa kima wenye gharama kubwa, vinaweza kuoteshwa katika ubongo wa panya mweupe. Kidingapopo kilikuwa kikaidi zaidi. Mwaka 1943, homa hiyo ilipokuwa imeingia katika bandari ya Nagasaki wakati wa vita, Ren Kimura na Susumu Hotta walichukua damu ya wagonjwa wakaidunga katika ubongo wa vitoto vya panya vinyonyavyo, wakafaulu. Na upande wa pili wa vita hivyo hivyo, Albert Sabin na Walter Schlesinger, bila ya kujua habari za Wajapani, walifanya vivyo hivyo kwa damu iliyotoka kwa askari wa Marekani waliougua Hawaii na New Guinea.

Kazi yenyewe ilitaka subira kubwa. Sindano nyembamba hupenyezwa katika fuvu la kitoto cha panya, ambalo bado ni laini. Kitoto hurudishwa kwa mamaye, kisha hutazamwa siku baada ya siku mpaka miguu ya nyuma ilegee. Hapo ubongo wake husagwa, ukadungwa kwa wengine, na wengine baada ya hao, mpaka virusi vimzoee panya. Na vilipomzoea, Sabin aliona jambo la ajabu: watu waliojitolea kudungwa virusi hivyo waliugua kidogo tu, nao wakapata kinga. Lakini panya aliyepooza kwa maradhi ya ubongo hakuwa mfano wa binadamu ambaye mishipa yake huvuja na damu kumtoka. Alitufaa kwa kuvitambua virusi, hakutufaa kwa kuyaelewa maradhi.

Katika kutambua, hata hivyo, deni letu kwake ni kubwa, na Tanganyika ni shahidi. Mwaka 1952 homa iliyofanana mno na kidingapopo ilizuka katika uwanda wa Wamakonde, upande wa Newala. Na damu ya wagonjwa ilipofika katika maabara ya Entebbe, R. W. Ross akaidunga kwa panya, ndipo ilipobainika kwamba kirusi kile si cha kidingapopo bali ni kingine kabisa, ambacho ulimwengu sasa unakijua kwa jina la chikungunya. Lile ambalo Christie hakuweza kulifanya Unguja, panya alilifanya kwa ajili ya Newala.

Miaka mingi ikapita kabla ya njia kugeuzwa, yaani badala ya kuvilazimisha virusi vimfuate panya, panya mwenyewe akabadilishwa. Mwaka 1999, Johnson na Roehrig, huko Marekani, walieleza matumizi ya panya waitwao AG129, ambao seli zao zimeondolewa vipokezi vya intaferoni, yaani ile tarishi ya kinga inayotangulia mbele ya nyingine zote. Mwaka 2010 sababu mojawapo ya kuwahitaji panya wa namna hiyo ilidhihirika: virusi vya kidingapopo huiharibu protini ya binadamu iitwayo STAT2, ambayo ndiyo huipokeza seli amri ya intaferoni, ilhali ile ya panya haviiwezi. Panya mzima, basi, hujikinga. Na aliyenyang'anywa silaha ndiye anayeugua. Mimi naliona hili kuwa upungufu usiofaa kusahauliwa, kwa kuwa chanjo iliyopimwa kwa mnyama asiye na kinga timamu haijapimwa sawasawa.

Hata hivyo panya hao ndio waliolijibu swali zito kuliko yote. Scott Halstead, kwa kuwatazama watoto wa Bangkok, alikuwa ameeleza kwamba kidingapopo kikali humpata aghalabu yule aliyekwisha kuugua aina nyingine miongoni mwa zile nne za virusi vyake, kana kwamba kingamwili za mwanzo huvifungulia virusi njia ya kuingia katika seli. Na wapo wanyonyeshwao waliozidiwa katika homa yao ya kwanza, kwa kuwa walizirithi kingamwili hizo kwa mama zao. Mwaka huo huo wa 2010 makundi mawili ya watafiti wa Marekani yaliwadunga AG129 kingamwili kabla ya virusi, na maradhi yaliyokuwa mepesi yakawa ya kuua. Kisha mwaka 2014, Singapore, watafiti waliwachukua panya majike waliokuwa na kinga ya aina ya kwanza, wakawaacha wazae na kunyonyesha, wakawaambukiza watoto wao aina ya pili. Na watoto hao wakaugua vibaya kuliko wale waliozaliwa na mama wasio na kinga yoyote.