Jaribio la kwanza la endodi

Hapa Ilomba ukitaja kupima sumu ya maji, watu huwaza mashine za bei mbaya. Kumbe mwaka 1964 kule Adwa, Ethiopia, mwanasayansi Aklilu Lemma alianza na chombo tu. Aliona konokono wa kichocho wamekufa mtoni, chini kidogo ya wanawake waliokuwa wakifua kwa matunda ya endodi. Akaomba povu limwagwe kwenye konokono hai. Wakafa.

Maabara ziliongeza saa na hesabu: saa 24 ndani ya dawa, kisha saa 24 kwenye maji safi. Hizo za pili ni muhimu jamani, maana konokono aliyejifungia ndani ya gamba hudhaniwa amekufa. Hutafutwa kiwango kinachoua nusu yao. Ila endodi huua na samaki, kwa hiyo nao wakapimwa.