Pniel: Kijiji cha Waliokamua Zabibu

Barabara itokayo Stellenbosch kwenda Franschhoek, katika jimbo la Rasi ya Magharibi nchini Afrika Kusini, hupanda hadi kilele cha Helshoogte kisha huteremka kwenye bonde la mto Dwars. Kulia na kushoto ni mizabibu, na juu yake imeinuka milima ya Simonsberg na Groot Drakenstein. Wageni wengi wanawahi kuonja mvinyo huko mbele, kwenye majumba meupe ya mabwana wa zamani, kwa hiyo hawapunguzi mwendo wakifika Pniel. Wanapoteza mengi. Kijiji hiki chenye kanisa jeupe kando ya barabara kilianzishwa mwaka 1843 kwa ajili ya watu waliotoka utumwani katika mashamba yaleyale. Anayetaka kujua mvinyo wa Rasi ulikamuliwa na nani, na aanzie hapa.

Jan van Riebeeck, kamanda wa Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki, aliandika katika shajara yake kwamba mvinyo wa kwanza wa Rasi ulikamuliwa tarehe 2 Februari 1659. Mwaka mmoja kabla yake zilikuwa zimetia nanga meli mbili zilizobeba mamia ya watumwa. Tangu hapo mvinyo na utumwa vilikwenda pamoja kwa takriban miaka 180. Mzabibu haumpi mtu likizo: hupogolewa wakati wa baridi, hupaliliwa, huvunwa kwa haraka kuanzia Januari hadi Machi kabla zabibu hazijaharibika, kisha kuna kukanyaga, kukamua, kuunda mapipa na kuyasafirisha hadi bandarini. Mji wa Stellenbosch ulianzishwa mwaka 1679. Wahugenoti, Waprotestanti waliokimbia mateso ya kidini Ufaransa, walifika mwaka 1688 na kugawiwa ardhi katika mabonde haya. Majina yao ndiyo yaliyobaki kwenye milango ya mashamba na kwenye chupa. Ya waliokanyaga zabibu hayakuandikwa huko.

Kati ya 1652 na 1808 watu wapatao 63,000 waliletwa Rasi kwa nguvu. Karibu wote walitoka India, visiwa vya Indonesia, Bukini na pwani ya mashariki ya Afrika. Msomaji wa pwani yetu asidhani kwamba hadithi hii ni ya watu wa mbali. Kati ya 1776 na 1778 Kampuni ya Uholanzi ilituma meli hadi Unguja kununua watumwa, na wengi zaidi walichukuliwa Msumbiji. Katika daftari za Rasi mtu aliandikwa jina alilopewa na bwana wake na mahali alikonunuliwa: fulani wa Bengal, fulani wa Msumbiji. Wengine waliitwa kwa jina la mwezi tu. Hadi leo, katika jimbo hilo, zipo familia zinazoitwa September, February au April, nazo huyabeba majina hayo huku zikijua yalikotoka.

Jambo moja hunigusa sana katika historia hii. Uislamu ulienea miongoni mwa watumwa wa Rasi, na baadhi ya mabwana, ambao hawakuwa na mapenzi yoyote na dini hiyo, waliona faida kuwa na mtumwa Mwislamu kwa sababu hanywi. Mtu wa namna hiyo angeweza kukabidhiwa ghala la mapipa au gari la kukokotwa na ng'ombe lililosheheni mvinyo. Imani aliyoishika ili abaki binadamu mbele ya Mungu wake, bwana aliihesabu kama kinga ya mali yake.

Waingereza walipoitwaa Rasi mwaka 1806, mvinyo ulipata soko kubwa. Kuanzia 1813 mvinyo wa Rasi ulitozwa ushuru mdogo ukiingia Uingereza, na mizabibu ikapandwa kwa pupa. Lakini biashara ya kuleta watumwa kwa meli ilikuwa imekwisha kupigwa marufuku na Uingereza, kwa hiyo kazi yote iliyoongezeka iliwaangukia waliokuwapo. Jumba kuu la Boschendal, lililo jirani na Pniel, lilikamilishwa mwaka 1812 na ukoo wa de Villiers, uliolimiliki shamba hilo tangu 1715. Ni jengo zuri, sikatai. Na uzuri wake umelipiwa kwa jasho la watu ambao hawakuulizwa.

Utumwa ulifutwa kisheria tarehe 1 Desemba 1834, lakini watumwa walilazimishwa kubaki kwa mabwana wao miaka minne zaidi, kwa jina la uanagenzi. Uhuru wenyewe ulifika tarehe 1 Desemba 1838. Fidia ikalipwa, zaidi ya pauni milioni 1.2 kwa Rasi pekee, na ikaenda kwa mabwana. Aliyeachwa huru hakupewa hata shubiri ya ardhi. Aliyekuwa akilala katika kibanda cha bwana alikuwa na njia mbili: abaki hapo kwa ujira mdogo, au aondoke asijue alale wapi. Ndiyo maana vijiji vya misheni vilijaa. Wanaume wengi walitaka kwanza kuwatoa wake na watoto wao mashambani, ili mama akae na wanawe bila kuitwa na kengele ya bwana.

Pniel ilizaliwa katika hali hiyo. Shamba liitwalo Papiere Molen lilinunuliwa, mmisionari Stegmann akawekwa, na familia zikapewa viwanja vya nyumba na bustani. Wakulima wa jirani waliunga mkono mpango huo, na sidhani kuwa ulikuwa wema mtupu: kijiji kilicho karibu kiliwahakikishia mikono wakati wa mavuno. Hata hivyo, mtu mwenye paa lake na bustani ya mboga aliweza kukataa ujira wa dharau na kungoja wiki nzima. Hiyo haikuwa neema ndogo katika nchi ambayo sheria za mabwana na watumishi, za mwaka 1841 na 1856, zilimfanya mtumishi anayeacha kazi kuwa mhalifu.

Nje ya vijiji hivyo paa lilibaki la mwajiri, na sehemu ya ujira ilibaki mvinyo. Desturi iliyoitwa dop ilikuwa kumnywesha kibarua mara kadhaa kwa siku, kuanzia asubuhi. Sheria iliipiga marufuku mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini katika baadhi ya mashamba iliendelea hadi miaka ya 1990. Madhara yake hayajaisha: jimbo hili lina viwango vya juu kabisa duniani vya watoto wanaozaliwa na athari za pombe waliyoipata wakiwa tumboni.

Turudi nyuma: mwaka 1886 aligunduliwa huko Rasi filoksera, mdudu mdogo anayenyonya mizizi ya mzabibu, na mashamba mengi yakafilisika. Cecil Rhodes, tajiri wa almasi, akayanunua kwa bei poa, Boschendal ikiwamo, akapanda matunda. Vibarua walijengewa kijiji cha Lanquedoc, kwa michoro ya msanifu majengo Herbert Baker. Nyumba zilikuwa imara, ila mwenye nyumba alikuwa kampuni.

Ukifika Pniel leo, omba kuonyeshwa kanisa, mnara wa uhuru na makumbusho, kisha tembea polepole mitaani ukiamkiana na watu. Wenyeji wengi ni wazao wa waliogawiwa viwanja vile, nao huisimulia historia kama habari ya nyumbani. Baada ya hapo nenda Boschendal.

Kwa vibarua wa mashambani historia hii haijaisha. Sheria ya mwaka 1997 iliwapa wakazi wa mashambani kinga dhidi ya kufukuzwa ovyo, lakini wengi wamefukuzwa tangu hapo, na kazi nyingi zimekuwa za msimu. Mwishoni mwa 2012, vibarua wa zabibu wa De Doorns waligoma, na mgomo ukasambaa jimboni. Kuanzia Machi 2013 kima cha chini cha mshahara wa mashambani kilipanda kutoka randi 69 hadi 105 kwa siku. Mwajiri bado anaruhusiwa kukata hadi asilimia 10 ya mshahara kwa ajili ya nyumba anayompa mfanyakazi wake.