Sindano ya OTC na Jeni Iliyolala

Sotoka ilipoingia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890, haikubagua zizi na pori. Nyati na nyumbu walianguka sawa na ng'ombe. Kwa Wakurya wa Tarime na majirani zao Wangoreme na Waikoma wa upande wa Serengeti, hasara hiyo haikuwa ya maziwa na nyama peke yake. Kwa Wakurya, mahari ya binti ndiyo humwozesha kaka yake. Zizi likifa, ndoa za kizazi kizima hukwama.

Nafuu ilitoka Muguga, karibu na Nairobi, ambako Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo ya sotoka kati ya mwisho wa miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960. Ng'ombe wa pembezoni mwa hifadhi walipochanjwa, ugonjwa ulikatika hata porini: nyumbu wa Serengeti, waliokuwa takriban 250,000 mwaka 1961, walifika milioni 1.3 mwaka 1977. Mfugaji aliyeshuhudia hayo hakuhitaji kuhubiriwa habari za sindano.

Sindano nyingine ilikuja kwa njia ya biashara. Mwaka 1950 kampuni ya Pfizer ilitangaza oksitetrasaiklini, dawa inayotokana na bakteria wa udongoni, Streptomyces rimosus. Serikali ilipopunguza huduma za mifugo katika miaka ya 1980 na 1990, bwana mifugo akawa adimu, na duka la dawa likachukua nafasi yake. Mfugaji hununua chupa, hukadiria uzito wa ndama kwa macho, na huchoma mwenyewe. Kaskazini mwa Tanzania dawa hii inajulikana kwa herufi tatu tu: OTC.

Inatibu ndigana baridi. Ndigana kali, inayoletwa na kimelea Theileria parva kupitia kupe, ni habari nyingine: homa ikishapanda, OTC haifui dafu. Lakini katika miaka ya 1970 watafiti wa Muguga waligundua kwamba ng'ombe akichomwa vimelea hai na OTC ya kukaa muda mrefu siku hiyohiyo, ugonjwa hupita kwa wepesi na kinga hubaki. Chanjo hiyo huchanganya aina tatu za kimelea, na mojawapo inaitwa Serengeti, kwa kuwa asili yake ni nyati wa huko. Hapo, kwa ruhusa ya sayansi yenyewe, antibiotiki ikawa sehemu ya chanjo.

Dawa hiyo haikutani na kimelea cha ndigana peke yake. Ndani ya tumbo la ng'ombe mna bakteria wasiohesabika, wakiwamo E. coli, na baadhi yao wana jeni za kuikabili tetrasaiklini. Jeni iliyochunguzwa sana kati ya hizo inatokana na bakteria wa kuhara damu waliopatikana Japani katika miaka ya 1950, waliokuwa sugu kwa dawa kadhaa kwa mpigo. Baadaye wanasayansi walifumbua jinsi inavyofanya kazi, nayo inastahili kusimuliwa taratibu.

Jeni mbili zimekaa bega kwa bega. Ya kwanza, tetA, hutengeneza pampu inayokaa kwenye utando wa bakteria na kuitema dawa nje. Ya pili, tetR, hutengeneza protini inayokalia mlango wa jeni zote mbili, kama kijana aliyelazwa langoni mwa zizi ili asipite mtu. Dawa isipokuwepo, lango limefungwa na pampu hazitengenezwi. Chembe chache za tetrasaiklini zikiingia, hushikamana na magnesiamu, kisha humnasa mlinzi huyo. Umbo lake hubadilika na anabanduka. Pampu huanza kutengenezwa mara moja. Uhodari wa mpango huu uko kwenye kipimo: protini ya tetR huing'ang'ania dawa kwa nguvu zaidi kuliko ribosomu, kiwanda cha protini ambacho dawa imekuja kukisimamisha, kwa hiyo kengele hulia kabla kiwanda hakijazimika. Dawa ikiisha, mlinzi anarudi langoni.

Kwa nini lango lisiachwe wazi siku zote? Pampu zikizidi, humdhuru bakteria mwenyewe. Majaribio yaliyochapishwa Marekani mwaka 1989 yalionyesha kwamba jeni hizi zikifungwa, gharama ya kuzibeba ni ndogo sana. Mzigo huja zinapowashwa. Ndiyo maana jeni ya namna hii inaweza kudumu kwenye kinyesi cha ndama ambaye hajawahi kuchomwa sindano yoyote.

Wala jeni za namna hii hazikuzaliwa na Pfizer. Katika udongo ulioganda wa Yukon, Kanada, wenye umri wa miaka 30,000, imepatikana jeni nyingine ya usugu dhidi ya tetrasaiklini. Mifupa ya Wanubi wa kale, katika Sudan ya leo, ina alama za tetrasaiklini ambazo watafiti wanadhani zilitokana na pombe ya nafaka. Bakteria wa udongoni na majirani zao walikuwa wakipambana kwa silaha hizi muda mrefu kabla ya duka la kwanza la dawa kufunguliwa mjini Mugumu, Serengeti.

Hapo ndipo lawama kwamba mfugaji na chupa yake ndio chanzo cha usugu inapopungua uzito. Mwaka 1985 ilichapishwa ripoti kuhusu nyani wa Amboseli, Kenya: waliokula mabaki ya jalalani kwenye hoteli ya watalii walibeba bakteria sugu zaidi kuliko wenzao wa porini. Hakuna aliyewachoma sindano, walipokea bakteria. Na mwaka 2020 jarida la Nature Communications lilitoa utafiti wa kaya 425 za makabila matatu ya Tanzania, wenye sampuli 62,376 za bakteria kutoka kwa watu, mifugo, mbwa, wanyamapori na maji. Haukupata ushahidi kwamba matumizi ya antibiotiki kwa mifugo yaliongeza uwezekano wa kukuta bakteria sugu. Kilichojitokeza kwa nguvu ni mazingira ya maisha yanayowarahisishia bakteria kuhama. Kaya hizo hazikuwa za mkoa wa Mara, lakini ng'ombe, mbwa, maji na binadamu hukutana vilevile katika wilaya zake za Tarime na Serengeti. Tanzania ilipoandaa Mpango wa Taifa wa kupambana na usugu wa dawa wa 2017–2022, ilihusisha afya ya binadamu na ya mifugo pamoja. Katika wilaya hizi mbili, zizi na nyumba, maji ya kunywa na maziwa mabichi yanastahili kutazamwa kwa umakini uleule unaoelekezwa kwenye bomba la sindano.