Uga wa maana

Uga wa maana ni kundi la maneno ya lugha moja yanayohusu jambo moja na ambayo maana zake hutegemeana. Dhana hii ni ya semantiki, tawi la isimu linaloshughulikia maana, lakini wanaanthropolojia na wanahistoria huitumia pia kuchunguza fikra za jamii. Ilienezwa na Mjerumani Jost Trier mwaka 1931.

Katika Kiswahili, kaka wa mama huitwa mjomba, ilhali ndugu wa kiume wa baba ni baba mkubwa au baba mdogo. Maneno hayo hayaeleweki moja moja: kwa kuwa baba mdogo ni baba, watoto wake ni ndugu, na mjomba ana nafasi yake nyingine.

Mfano wa Songea

Wangoni walifika eneo la Songea katika karne ya 19 wakitoka kusini mwa Afrika. Kingoni cha Tanzania cha leo si lugha ya Kinguni tena. Kiko karibu na Kimatengo na lugha nyingine za jirani. Hata hivyo maneno ya utawala yalibaki: *nkosi* alikuwa mfalme, *nduna* kiongozi chini yake, na watu wa makabila yaliyotekwa na kuingizwa katika dola waliitwa *sutu*. Kwa maneno haya matatu mpangilio mzima wa mamlaka unaonekana, pamoja na swali la nani aliyehesabiwa kuwa Mngoni hasa.

Kiswahili kilipoweka neno "chifu" mahali pa nkosi na nduna, tofauti hiyo ilififia. Songea Mbano, ambaye mji umepewa jina lake, mara nyingi huitwa chifu, na msomaji hudhani alikuwa mfalme. Kumbe alikuwa nduna katika dola la Njelu, ambalo nkosi wake wakati wa Vita vya Majimaji alikuwa Mputa Gama. Mputa alinyongwa na Wajerumani mjini Songea tarehe 27 Februari 1906 pamoja na makumi ya wenzake. Songea Mbano alinyongwa siku chache baadaye.

Njia hii ina udhaifu wake. Neno laweza kudumu baada ya desturi yake kufa, na jamii inaweza kuwa na wazo isilolipa jina. Kwa hiyo orodha ya maneno hulinganishwa na masimulizi ya wazee na kumbukumbu zilizoandikwa.