Daftari la Anwani za MAC

Kila swichi ya mtandao ina kumbukumbu inayoonyesha anwani ipi ya MAC inapatikana kupitia poti ipi, na, kwa swichi zenye VLAN (mitandao pepe), katika VLAN ipi. Baadhi ya orodha za istilahi huiita "jedwali la anwani za MAC". Nyingine zimeandika "meza", kosa ambalo halistahili mjadala. Jina linaloifaa ni daftari.

Jedwali latokana na Kiarabu "jadwal", kijito au mfereji mdogo, kisha mistari ya kugawa ukurasa. Kiswahili kilipokea maana hiyo ya pili, na tangu hapo neno hilo hutaja umbo: safu zilizokwisha kujazwa, kama jedwali la elementi. Daftari ni Kiarabu "daftar", lililopitia Kiajemi kutoka Kigiriki "diphthera", ngozi iliyotayarishwa. Asili yake ni kitu cha kuandikia, na matumizi yake hayajaiacha asili hiyo. Mwenye duka huandika deni daftarini na kulifuta likilipwa. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura la Tanzania, pamoja na kuitwa la kudumu, huboreshwa: wapya huandikishwa, waliofariki huondolewa.

Kuandika, kurekebisha na kufuta ndiyo kazi ya swichi. Fremu inapoingia, swichi husoma anwani ya mtumaji, yenye biti 48, na kuiandika pamoja na poti iliyoipokea. Kompyuta ikihamishiwa poti nyingine, ingizo hurekebishwa pindi inapotuma fremu. Anwani ya mpokeaji isipokuwamo daftarini, fremu husambazwa kwenye poti zote za VLAN hiyo isipokuwa ile iliyoingilia. Kamati zinazotafsiri neno kwa neno haziyaoni haya, kwa kuwa huanzia kwenye kamusi ya Kiingereza, na swichi haijafunguliwa mbele yao.

Kutafsiri huko kwa neno kwa neno kumezaa kosa la pili: "muda wa kuzeeka", yaani muda wa kungoja kabla ya ingizo kufutwa, ambao kwa kawaida ni sekunde 300. Anayezeeka harudi ujanani, lakini muda wa ingizo huanza kuhesabiwa upya kila fremu inapofika kutoka anwani ileile. Kinachopimwa ni ukimya wa mtumaji, hata awe ameunganishwa mwaka mzima. "Muda wa ukimya" unasema hivyo waziwazi, na waliong'ang'ania uzee hawajatoa hoja ya kuukataa.

Katika utunzaji, maingizo ya kudumu huandikwa na fundi kwa mashine zisizohamishwa, na hayafutwi na ukimya. Poti za watumiaji huwekewa kikomo cha anwani, kwa sababu daftari lina ukubwa wake: mshambuliaji akilijaza anwani za uongo, anwani za kweli hukosa nafasi, na fremu zinazoelekezwa kwazo husambazwa kwenye poti zote za VLAN, naye akazisoma.