Maficho ya Wawindaji wa Nyamira

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 605,576 katika Kaunti ya Nyamira, nchi ya majani chai na migomba isiyozidi sana kilomita za mraba 900. Abagusii waliopanda milima hii kutoka uwanda wa Kano, kabla ya ukoloni, walikuta misitu, mabonde yenye matete na, upande wa Borabu, nyasi ndefu zilizowatenganisha na Wakipsigis. Kwenye nyasi hizo ndiko mwindaji alikojificha.

Mpakani ndiko vijana wasiooa walikolinda ng'ombe katika kambi zilizoitwa ebisarate. Aliyelinda mifugo alilazimika kujua chui anapita wapi na nyati hushuka mtoni saa ngapi.

Wawindaji wa nyanda hizi waliuogopa upepo kuliko macho ya mnyama. Nyati haoni vizuri sana, lakini harufu ya mtu huinasa kutoka mbali. Kwa hiyo mviziaji alidondosha vumbi au jivu kidogo, akatazama linakoelekea, kisha akazunguka mpaka upepo umpige usoni. Alijibanza nyuma ya kichaka, si juu ya kilele ambapo umbo lake lingejichora angani. Mnyama akiinua kichwa, yeye alitulia tuli. Mnyama akirudi kula, mwindaji alisogea hatua moja.

Kumwangalia mnyama kwanza kabla ya kumpiga kulikuwa na uzito wa pekee kwa Abagusii. Chui, kiboko na punda milia ni miongoni mwa wanyama wanaotambulisha koo zao, na mtu hakumdhuru mnyama wa ukoo wake.

Majeshi ya Waingereza yaliivamia nchi hii mwaka 1905 na tena 1908. Mwanzoni mwa miaka ya 1910 serikali ilizifuta ebisarate, na sheria za uwindaji zikamfanya mwenyeji mwenye mkuki kuwa mhalifu, huku mgeni mwenye leseni akipiga risasi kihalali. Sehemu ya Borabu ikawa mashamba ya walowezi; baada ya uhuru yakagawanywa kwa wakulima. Jembe likamaliza nyasi. Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, Nyamira haikuwa na nyati wa kuvizia.

Linganisha na bonde la Lambwe, kaunti ya Homa Bay. Huko mbung'o waliwazuia watu kulijaza bonde, nyasi zikabaki. Lilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1966, na tangu 1983 ni Hifadhi ya Taifa ya Ruma, makao ya korongo wa mwisho nchini Kenya, swala wakubwa wenye pembe zilizopinda nyuma.

Ndiyo maana nasema sheria pekee haimhifadhi mnyama. Palipo na maficho, mnyama hudumu, na mtu hupata pa kumtazama. Nyamira bado ina kinamasi cha Sironga. Tukikikausha kwa mikaratusi na mifereji, tutakuwa tumerudia kwa mikono yetu yaliyoipata Borabu.